Sura ya Saba: Unyayo wa Paka Chini ya Bweni

Inspekta Kiroboto alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya bweni, kichwa ndani ya shimo na miguu nje, na hakuna aliyethubutu kucheka. Sajini alisimama kando, tochi mkono mmoja, viatu vya mkubwa wake mkono wa pili, amevishika kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

"Tochi," ilisema sauti kutoka shimoni.

Sajini akaunyoosha mkono kadiri mkono unavyoweza kunyooka bila kung'oka begani.

"Sogea! Shimo haling'ati."

"Naona vizuri kutokea hapa, afande," alijibu, uso ameuelekeza dirishani.

Inspekta akapiga chafya. Mafua yalikuwa yamehamia puani mwake tangu wiki iliyopita, na hayakuonyesha dalili ya kutafuta makazi mengine. Akajitoa shimoni, akajifuta kwa leso, akaanza kuzunguka chumba. Jina la Kiroboto hakupewa na mama yake. Alipewa na wahalifu, kwa sababu haketi, hatulii, na ukimfukuza hapa anakuuma pale. Walipokamatwa walikuwa wakisema kikulacho ki nguoni mwako, nao hawakukosea sana.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Bweni jipya la wasichana lilikuwa halijalaliwa hata na mbu, na tayari lilikuwa limevunjika kiuno. Mvua za kwanza zilipopiga, sakafu ya vyumba vya mashariki ilinyanyuka, na ukuta ukapata ufa wa kuingiza ngumi. Vyumba vya magharibi havikupata hata mkwaruzo. Vilitulia kwa unyenyekevu wa mwanafunzi aliyefanya kosa akaadhibiwa jirani.

Ardhi ya pale ni udongo wa mfinyanzi mweusi, ule ambao ukilowa huvimba kama mtu aliyesifiwa, na ukikauka hupasuka kama mtu aliyenyimwa. Ukijenga juu yake bila dawa, umejenga juu ya tumbo la mtu anayepumua. Dawa ilibuniwa na fundi wa maabara wa kampuni ya ujenzi: mavi ya chuma, yaani gae linalobaki tanurini chuma kikishayeyushwa, yasagwe yawe unga, yachanganywe na chokaa kidogo na udongo ule ule, yashindiliwe kwa roli, mashine ile ya gurudumu zito la chuma, na baada ya muda uwe na tabaka gumu lisilovimba. Katika barua za kampuni yaliitwa masalia ya tanuri. Inspekta, ambaye alisoma shule ya bweni na hakupona kabisa, aliyaita kwa jina lake halisi kila alipopata nafasi, hasa mbele ya wakubwa.

Fundi huyo wa maabara, ambaye watu humwita Mizani kwa sababu hata sukari ya chai huipima, alikuwa mahabusu tangu jana. Silinda zake za majaribio, zilizofinyangwa kwa mchanganyiko ule ule, zilikuwa ngumu kama jiwe, lakini sakafu ilikuwa imelegea. Kwa hiyo, ilisemekana, alitia saruji kisirisiri kwenye silinda ili zifaulu. Alasiri ya siku hii angefikishwa mahakamani kwa kughushi vipimo, na mtu akishapita mlango ule kwa kosa lile, hakuna maabara itakayompa tena hata kazi ya kufagia.

"Shimo la pili," alisema Inspekta.

Bonge alilolitoa shimo la kwanza, upande wa magharibi ulio mzima, lilikuwa limehitaji nyundo. Lilipopasuka, ndani lilikuwa na rangi ya kijani na buluu, kama shingo ya njiwa. Alilitia kwenye mfuko wa kwanza. Shimo la pili lilikuwa chumba cha mashariki, kwenye ufa. Hapa Sajini alisogea bila kuambiwa, akachuchumaa, akashika tochi barabara kabisa.

"Kumbe unajua kazi," alisema Inspekta.

"Najitahidi, afande."

Udongo wa huku ulimeguka kwa vidole kama biskuti iliyokaliwa. Rangi yake ilikuwa ya kijivu tu, ya kukata tamaa. Katikati ya tabaka, kina cha kiwiko, Inspekta aligusa kitu bapa. Akakitoa: kigae kigumu cha mchanganyiko ule ule, kikubwa kama sahani, na juu yake alama ya kiganja kidogo chenye vidole vinne.

Sajini akainama. "Paka."

"Kwa nini si mbwa?"

"Mbwa angeacha alama za kucha."

"Na paka anafanya nini ndani ya tabaka lililoshindiliwa? Paka si fuko, Sajini."

Kigae na konzi ya udongo ule vikaingia mfuko wa pili.

Mlangoni alitokea mwanamume mpana mwenye kofia ngumu ya njano. Huyu alikuwa msimamizi wa ujenzi, na pia kaka wa Mizani, tumbo moja, yeye mkubwa.

"Poleni na kazi, mama. Mmepata hata chai?"

"Chai baadaye. Tabaka hili mlilishindilia lini?"

"Siku ile ile ya kuchanganya, kama mdogo wangu alivyoagiza. Yeye ni mtu wa vipimo, mimi ni mtu wa jasho. Akisema leo, ni leo." Akashusha sauti. "Mimi siwezi kumsema mtu. Lakini ungemuuliza Bwana Lundo kama unga alioleta ulikuwa kamili. Yule anaweza kukuuzia vumbi la barabarani akaliita dawa."

"Kwa hiyo dada yako hana kosa?"

"Ni damu yangu, mama. Nitasemaje?"

Inspekta alimtazama mpaka kofia ikaonekana kumzidi uzito. Kisha akavaa viatu.

*

Bwana Lundo alikuwa mlinzi, msagaji na mfalme wa mlima wa mavi ya chuma nyuma ya kiwanda. Alikuwa mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Kinu chake kilinguruma mpaka meno yakawasha, na alikizima kwa masikitiko alipoona kitambulisho.

"Umeshutumiwa kupunguza unga," alisema Inspekta, akitembea huku na huku mbele yake.

"Kupunguza?" Lundo alizungusha mkono kuuonyesha mlima. "Mama, tazama. Mtu anapunja kitu adimu. Mimi nikipunja haya nitayapeleka wapi? Nikampe mke wangu zawadi?"

"Ungeweza kuchanganya na vumbi."

"Vumbi ningelitafuta, ningelichekecha, ningelibeba. Haya yananifuata mpaka kitandani. Uvivu wangu ndio shahidi wangu."

Ulikuwa utetezi mzuri, lakini Inspekta hakuwahi kumwachia mtu kwa sababu ya uvivu. Alitoa sumaku mkobani, duara nzito aliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa. Chuma hakitoki chote kwenye gae. Daima hubaki punje punje, na punje haziwezi kuikatalia sumaku. Alifungua mfuko wa kwanza, akasaga kipande cha kijani kwa kisigino, akapitisha sumaku. Ikaota ndevu nyeusi.

Lundo akarudi nyuma hatua moja.

Inspekta akaliona hilo, akaliweka akilini. Akamsogelea. Lundo akahamia upande wa pili, kule upepo ulikokuwa unatokea.

"Mbona unanikimbia?"

"Sikukimbii, mama. Nanyoosha miguu."

"Miguu ya mtu asiye na hatia huwa imenyooka tayari."

"Ya kwangu ina baridi yabisi," alisema Lundo, akimtupia Sajini jicho la kuomba msaada. Sajini alikuwa akichunguza mawingu.

Inspekta akafungua mfuko wa pili, wa upande mbovu. Hapa ndipo alipotarajia kumnasa. Akasaga, akapitisha sumaku, akainua. Ndevu zilikuwa zile zile, nene vile vile. Unga ulikuwemo, kamili.

Akapiga chafya mbili kwa hasira. Lundo, kwa maajabu, alikuwa amerudi karibu, anachungulia.

"Ndevu za kiume hizo," alisema. "Nimesamehewa?"

"Umeahirishwa," alisema Inspekta, akaondoka kwa kasi iliyomlazimu Sajini kukimbia.

*

Kituoni, Mizani aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye madoa ya chokaa kwenye kucha, na aliketi wima kama aliyekuja kupimwa urefu. Inspekta hakuketi. Aliweka mezani silinda moja iliyochukuliwa maabara kama ushahidi.

"Wanasema umetia saruji."

Mizani aliisogeza silinda ikae sawa na ukingo wa meza.

"Saruji ina rangi yake. Tuione."

Akainua nyundo. Pigo la kwanza liliruka, la pili likaacha kovu, la tatu likaigawa silinda vipande viwili. Ndani ilikuwa kijani na buluu, shingo ya njiwa, pacha wa bonge la shimo la kwanza. Inspekta akaweka bonge lile kando yake. Uso wa bonge aliouvunja asubuhi ulikuwa umeanza kufifia kuelekea kijivu. Akalivunja upya, na rangi ikarudi mbichi.

"Silinda yako na sakafu ya magharibi ni mtu na ndugu yake," alisema. "Hukughushi kitu."

Askari aliyekuwa mlangoni alifungua dirisha. Halafu akafungua mlango. Halafu, kama vile havikutosha, akatoka. Mizani peke yake hakusogea. Aliinamia vile vipande, akavuta pumzi ndefu kwa raha, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta chungu jikoni.

Inspekta akakiona kitendo hicho pia, na hakujua akiweke kabati gani.

"Rangi hii inakufa ikikutana na hewa. Kwa hiyo upande wa mashariki ulipata hewa. Nyingi, na mapema." Akatoa kigae chenye unyayo. "Na huyu bwana alikuwepo."

Mizani alitazama unyayo wa paka. Mkono wake uligusa ukingo wa kigae taratibu, kama anayepapasa jeraha la mtu mwingine.

"Mchanganyiko uliachwa wazi ukaganda kabla ya roli," alisema Inspekta. "Nani aliuacha? Na kwa nini? Saa hii unaweza kujitoa, binti. Sema."

"Sampuli ni zangu," alisema Mizani. "Sahihi ni yangu. Andika hivyo."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililonalo." Akaondoa mkono kwenye kigae. "Kaka yangu amekula?"

"Nini?"

"Akiwa na mawazo hali. Nauliza tu kama amekula."

Mkuu wa kituo alichungulia, akakunja uso wote, akatangaza kutoka mbali kwamba gari la mahakamani linaondoka alasiri, na akatoweka.

*

Garini, wakizunguka bila mwelekeo, Inspekta alipigapiga magoti kwa vidole. Alijua nani, alijua vipi, hakujua kwa nini. Hakuna msimamizi anayeacha mchanganyiko kulala nje wakati roli ipo na mafuta yapo. Pasipo sababu, kigae ni kigae tu na paka ni paka. Manyunyu yalikuwa yakiingia kwa madirisha yote manne.

"Sajini, funga vioo. Mafua haya yataniua."

Sajini aliendelea kuendesha, vioo wazi.

"Ni amri."

"Afande." Sajini aliegesha gari kando ya barabara. Alikaa wima, macho mbele, kama anayesubiri kupigwa risasi. "Naomba nisamehewe kabla sijasema."

"Sema kwanza, kisha nitapima."

"Tangu asubuhi kuna harufu. Nzito. Ya mayai viza, na si mayai machache. Inakuja, inakwenda. Kwa sababu ya heshima yangu kwako, na ukizingatia kila mtu ana tumbo lake, nilinyamaza."

Manyunyu yaligonga paa la gari. Inspekta aligeuka polepole.

"Ulidhani ni mimi."

"Sikudhani, afande. Niliogopa kudhani."

"Na Lundo?"

"Alinikonyeza."

"Na yule askari wa mlangoni? Na Mkuu wa kituo?"

"Nadhani Mkuu ataitisha kikao."

Afisa mwingine angetoa machozi, au adhabu. Inspekta Kiroboto alitoa mifuko. Aliipachika yote miwili kwenye paja la Sajini kwa pupa mpaka kofia ikamdondoka.

"Nusa! Huu kwanza."

Sajini akaingiza pua, akaitoa kwa kasi. "Huo, afande. Mungu wangu. Huo ndio wenyewe."

"Sasa huu."

Alinusa kwa woga, kisha kwa mshangao, kisha kwa kuridhika. "Udongo. Udongo wa kawaida tu."

"Upande mzima unanuka. Upande mbovu haunuki. Unga ni mmoja, sumaku imeapa. Basi harufu ya upande wa pili ilikwenda wapi?" Alikuwa tayari amefungua mlango, amekumbuka kwamba wako safarini, ameufunga. "Haikwenda yenyewe, Sajini. Ilifukuzwa! Kuna mtu aliuanika udongo ule kama anayeanika godoro la mtoto kikojozi, ili harufu iishe. Sasa ni nani mwenye haja ya msingi wenye manukato?"

Sajini akawasha gari. "Mwenye mgeni, afande."

"Nani kakuruhusu kufikiri? Geuza gari."

*

Ofisi ya msimamizi ilikuwa kibanda cha mabati kando ya bweni. Ndani mlikuwa na meza, ramani, sahani ya chakula iliyofunikwa na haijaguswa, na picha moja kubwa iliyotiwa fremu. Inspekta alikwenda moja kwa moja kwenye picha.

Ilikuwa ya siku ya jiwe la msingi. Mgeni rasmi alikuwa amechuchumaa kona ya mashariki, pua yake kiganja kimoja tu kutoka ardhini, anatabasamu kwa mapafu yaliyojaa hewa safi. Nyuma yake udongo uliochanganywa ulikuwa umetandazwa vizuri, una mistari ya reki, haujaguswa na roli. Roli yenyewe imesimama pembeni, imepambwa kwa riboni.

"Picha nzuri," alisema Inspekta.

"Ndiyo, mama," alisema msimamizi, amesimama.

"Mgeni alifika asubuhi. Udongo huu mliuchanganya lini?"

"Asubuhi hiyo hiyo."

"Sajini, mpe anuse."

Sajini akaufikisha mfuko wa kwanza chini ya pua ya msimamizi. Kofia ya njano ikarudi nyuma.

"Mchanganyiko wa asubuhi hiyo ungenuka hivyo," alisema Inspekta. "Na mgeni wako angetabasamu hivyo?" Aligonga kioo cha picha. "Mtu aliyechuchumaa juu ya mayai viza hana uso huu. Uliuchanganya jana yake, ukautandaza, ukauacha upigwe upepo usiku kucha. Uliganda. Paka akapita, akaweka sahihi." Kigae kikatua mezani. "Wageni walipoondoka ukamwaga maji, ukapitisha roli juu ya maganda yaliyokwisha kufa, ukamwambia mdogo wako kazi imekwenda sawa."

Msimamizi alitazama unyayo. Jasho lake, lile alilojisifia asubuhi, lilikuwa limefika kwenye nyusi.

"Walisema mgeni ni mtu wa usafi sana," alisema hatimaye. "Kwamba akikunja pua tu, kazi inapewa wengine. Nikasema, hewa itadhuru nini? Udongo ni udongo."

"Mdogo wako alikwambia itadhuru nini?"

"Aliniambia." Sauti ilikuwa ndogo kwa kifua kile. "Aliniambia ishindiliwe siku hiyo hiyo, nikaitikia. Yeye alikuwa maabara, hakuona. Jana walipomchukua nilitaka kusema. Nikajua watamwachia, hawana kitu. Nikasema kesho. Na kesho ndiyo leo."

"Nimemwonyesha unyayo huu leo. Alielewa mara moja ni kazi ya nani. Nikamwambia ajitoe." Inspekta alikuwa akizunguka meza, sasa akasimama. "Unajua alisema nini?"

Msimamizi aliinua macho.

"Aliuliza kama umekula."

Mwanamume mpana alikaa juu ya kiti. Alitazama sahani iliyofunikwa. Kisha akavua kofia ya njano, akaiweka juu ya ramani, akainuka.

"Gari lenu lina nafasi?"

"Lina nafasi," alisema Sajini. "Na lina hewa."

*

Gari la mahakamani lilikuwa tayari linanguruma uani walipofika. Mkuu wa kituo alisikiliza maelezo ya msimamizi akiwa amesimama mlangoni, kisha akaagiza gari lizimwe.

Mizani alitolewa ndani. Alimkuta kaka yake mezani, anaweka sahihi chini ya maelezo kwa kalamu aliyoishika kama patasi.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado."

"Basi unajua ulichofanya."

Hakumpigia kelele, na hilo lilimfanya msimamizi ajikunyate zaidi. Mizani alichukua nusu ya silinda iliyokuwa bado mezani, akaazima nyundo ya Inspekta, akaimega kipande kibichi, akakiweka chini ya pua ya kaka yake.

"Nusa."

"Mdogo wangu, mbele za watu..."

"Nimesema nusa."

Akanusa. Uso ukakunjamana wenyewe. "Inanuka."

"Inanuka kwa sababu ni nzima. Inafanya kazi ndani mle, inashikana, inachukua mzigo. Yako haikunuka, na wewe ukafurahi ukapigwa picha." Akaweka nyundo chini. "Watoto wangelala mle, Kaka. Wiki moja tu mvua ingechelewa, wangekuwa wamelala mle."

Msimamizi aliinamisha kichwa. Askari mwenye pingu alisogea, akamtazama Inspekta, na Inspekta akatikisa kichwa: asubiri. Mizani alikuwa amefungua kitambaa chenye mkate aliopewa mahabusu asubuhi, akakata nusu, akaupima kwa jicho, akamwekea kaka yake kipande kikubwa.

"Kula kwanza," alisema. "Kisha uende nao."

Alikula. Na Inspekta Kiroboto, kwa mara ya kwanza tangu kuche, ukiondoa garini, akaketi. Kiti kilikuwa cha Sajini, lakini Sajini hakulalamika. Alibaki amesimama, kwa heshima zote, upande wa dirishani.